Theluji Iporomokayo: Habari za Siku Moja na Hesabu za Miaka Mingi

Wanafunzi wakaao karibu na Kilimanjaro au Mlima Kenya wameiona theluji kwa mbali, nyeupe juu ya kilele, hali wao wenyewe wamesimama penye migomba na jua. Kwao theluji ni pambo la mlima. Lakini katika Ulaya iko milima mingi iitwayo Alps, ambayo katika miezi ya baridi hufunikwa na theluji tangu vileleni hata mabondeni, juu ya mapaa ya nyumba, na barabara, na malisho ya ng'ombe. Milima hiyo imepita katika nchi za Ufaransa, Uswisi, Italia, Austria na nyinginezo, na watu wengi wanakaa ndani yake. Kwao theluji ni pambo, tena ni faida, kwa kuwa wageni huja kwa maelfu kuteleza juu yake. Lakini pia ni adui.

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili. Kwanza, jinsi theluji inavyoporomoka na kuua watu. Pili, jinsi habari za mauti hayo zinavyowafikia watu, kwa magazeti na kwa hesabu, na kwa nini mashahidi hawa wawili hawasemi neno moja.

1. Theluji huporomokaje?

Theluji haijazi mlima kwa siku moja. Leo huanguka kidogo. Kesho upepo huipeperusha na kuirundika mahali pengine. Kesho kutwa jua huilainisha, na usiku baridi huigandisha. Hivyo tabaka hulala juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Matabaka mengine ni imara. Mengine ni dhaifu, chembe zake hazishikani, bali zimekaa kama sukari au mchanga mkavu.

Sasa chukua bati la kuezekea, ulilaze juu ya mchanga mkavu penye mteremko mkali. Pengine litatulia. Lakini ukilikanyaga, mchanga wateleza, na bati lote laondoka pamoja nawe. Ndivyo ilivyo theluji. Mtu mmoja apita mlimani. Tabaka dhaifu lavunjika chini ya miguu yake. Na theluji yote iliyolala juu ya tabaka hilo, pengine yenye upana kupita kiwanja cha mpira, huachana na mlima na kushuka. Mara nyingi jambo hili hutokea penye mteremko unaozidi nyuzi 30. Tena theluji yaweza kuanguka kwa uzito wake yenyewe, hasa ikiwa imenyesha nyingi kwa siku chache. Theluji kavu ikishuka toka juu sana yaweza kupita mwendo wa kilomita 200 kwa saa, na upepo uitanguliao huvunja miti na kung'oa mapaa.

Poromoko likisimama, theluji hushikamana ikawa ngumu, na mtu aliyefukiwa hawezi hata kuinua mkono. Hafi kwa baridi kwanza, bali kwa kukosa pumzi. Wataalamu wamehesabu kwamba katika watu 10 waliofukiwa kabisa, yapata 9 huwa hai wakitolewa ndani ya dakika 10. Lakini wakikaa chini ya theluji muda wa nusu saa, walio hai ni 3 tu. Kwa hiyo wokovu wa mtu uko katika mikono ya wenzake walio papo hapo, maana msaada utokao mbali, ujapokuja kwa helikopta, aghalabu huchelewa. Ndiyo sababu watu wenye busara hawaendi huko peke yao, na kila mmoja huchukua vitu vitatu: chombo kidogo kitoacho ishara ili mwenye kufukiwa atafutwe, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na sepeto la kuchimbia.

2. Misiba miwili mikubwa

Wenyeji wa Alps walijua hatari hii tangu zamani. Katika kijiji cha Andermatt, nchi ya Uswisi, mwaka wa 1397 wazee waliandika amri ya kukataza watu wasikate miti ya msitu ulio juu ya nyumba zao, kwa kuwa waliona kwamba msitu huizuia theluji. Lakini misitu mingine mingi ilikatwa, na vijiji vikazidi kukua.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1950 na 1951 theluji ilinyesha kupita kiasi. Tarehe 20 Januari 1951 poromoko liliua watu 19 katika kijiji cha Vals, na siku iyo hiyo watu 13 walikufa Andermatt. Mwezi uliofuata watu 10 walikufa Airolo, upande wa kusini. Majira yale yalipokwisha, Waswisi walihesabu maiti 98, wengi wao wakiwa wamefia katika majumba yao na njiani. Katika Austria walikufa 135.

Habari hizi zilienea Ulaya kote kwa magazeti na redio, na watu wakatetemeka. Basi Waswisi wakaanza kazi kubwa. Walipanda miti. Walijenga kuta za kugeuza njia ya theluji. Juu kabisa ya miteremko walisimamisha nyua imara za chuma ili theluji ikamatwe pale pale ilipoangukia, isipate kuanza safari. Leo nyua hizo, zikiwekwa safu moja, zingepita urefu wa kilomita 500. Tena walichora ramani za vijiji, wakapaka rangi nyekundu mahali pa hatari, na hapo hapana ruhusa ya kujenga nyumba.

Miaka karibu 50 ikapita. Mwezi wa Februari 1999 theluji nyingi ikaja tena. Katika sehemu nyingine za Uswisi ilinyesha zaidi ya mita 5 katika muda wa majuma matano. Tarehe 9 Februari poromoko liliua watu 12 huko Montroc katika Ufaransa. Tarehe 21 watu 12 walikufa Evolène katika Uswisi. Tarehe 23 theluji iliangukia kijiji cha Galtür katika Austria, nayo ikavunja hata nyumba zilizojengwa mahali palipohesabiwa kuwa salama. Watu 31 wakafa. Siku ya pili yake wengine 7 wakafa Valzur, bonde lilo hilo. Barabara zilikuwa zimefungwa, na maelfu ya wageni wakatolewa bondeni kwa helikopta.

3. Neno la magazeti

Siku zile picha za Galtür zilionyeshwa katika televisheni za nchi nyingi, na magazeti yakajaa habari zake siku baada ya siku. Si ajabu. Kazi ya gazeti ni kutangaza jambo jipya, kubwa na la ghafula. Na watu 31 kufa katika kijiji kimoja kwa dakika chache ni jambo kubwa. Lakini msomaji aliyeketi nyumbani kwake, akiona picha hizo kila jioni, atawaza nini moyoni? Atawaza kwamba milima inazidi kuua, na kwamba mahali pa hatari kuliko pote ni kijijini.

Tazama sasa upande wa pili. Jumamosi moja mtu mmoja anateleza kwa skii nje ya njia zilizolindwa, theluji inamfunika, anakufa. Gazeti la mji ule laandika mistari michache. Juma lifuatalo wanakufa wawili katika bonde jingine. Mistari michache tena. Hakuna televisheni itokayo nchi za mbali kwa ajili yao. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mwisho wa mwaka hao wa mmoja mmoja na wawili wawili wamekuwa wengi. Gazeti halikusema uongo juu ya lolote. Kila habari ni kweli, lakini ukubwa wa sauti yake haulingani na ukubwa wa jambo.

Tena liko jambo ambalo gazeti haliandiki kabisa, nalo ni habari za mtu aliyekwenda mlimani asubuhi akarudi jioni salama. Walio hivyo ni maelfu kwa maelfu, wala hawana habari. Na mtu asiyewahesabu hao hawezi kujua hatari ina kipimo gani.

Hadithi nayo yaweza kukua kupita kweli yake. Katika njia ya Great St Bernard palikuwa na mbwa mashuhuri, jina lake Barry, ambaye yasemekana aliokoa watu zaidi ya 40. Wasimulizi wakaongeza kwamba aliuawa na mtu wa mwisho aliyemwokoa, ambaye katika giza alimdhania kuwa mnyama mkali. Habari hiyo iliwaliza watu wengi. Lakini kweli ni kwamba Barry alizeeka, akapelekwa mji wa Bern apumzike, akafa huko mwaka wa 1814.

4. Neno la hesabu

Wako watu walioona mapema kwamba kilio peke yake hakitoshi, sharti mambo yaandikwe. Mmoja wao alikuwa Johann Coaz, mkuu wa misitu katika Uswisi, aliyetoa kitabu juu ya maporomoko ya theluji mwaka wa 1881. Tangu majira ya baridi ya 1936 na 1937, Waswisi wameandika kila kifo kiletwacho na poromoko, awe amekufa mmoja au 30: siku yake, mahali pake, mteremko ulivyokuwa, na mtu alikuwa akifanya nini. Mwaka wa 1942 nyumba ya uchunguzi ilijengwa juu ya Weissfluhjoch, karibu na mji wa Davos, na wataalamu wake wameitunza kazi hiyo. Ni kazi isiyo na sifa, maana hakuna apigiwaye makofi kwa kujaza daftari. Lakini baada ya miaka mingi daftari hilo limekuwa shahidi mkubwa.

Kwanza, linganisha mwaka 1951 na 1999. Kwa Waswisi theluji za miaka hiyo miwili zilikuwa karibu sawa, na mwaka 1999 wenyeji, wageni na magari yaliyokuwako mabondeni yalikuwa mengi zaidi. Lakini mwaka 1951 walikufa 98. Majira yaliyomalizika mwaka 1999 walikufa 36, na katika hao ni 17 tu waliouawa majumbani na barabarani. Zile nyua, kuta, misitu, ramani na maonyo yalikuwa yamefanya kazi yake. Hakuna gazeti liwezalo kupiga picha ya nyumba isiyovunjika. Hesabu ndiyo iionyeshayo.

Pili, mwaka wa 2016 wataalamu wa nchi za Alps walitoa hesabu zao zote pamoja, tangu mwaka 1937. Waliona kwamba waliokufa walikuwa karibu 5,000. Katika miaka 40 ya mwisho wastani ulikuwa watu 100 hivi kwa mwaka. Vifo vya vijijini na barabarani vimepungua tangu miaka ya 1970. Vifo vya watu waendao mlimani kwa kujifurahisha karibu viliongezeka mara mbili kati ya miaka ya 1960 na ya 1980. Kisha vikakaa karibu pale pale, ijapokuwa idadi ya waendao huko imezidi sana.

Fikirini vema neno hilo la mwisho, maana wengi hujikwaa hapo. Tuseme kuna kivuko cha mto. Zamani watu 1,000 walivuka kwa mwaka, na 10 wakazama. Siku hizi watu 4,000 huvuka, na wazamao ni 10 vile vile. Je, kivuko ni kile kile? Sivyo. Zamani alizama mmoja katika kila 100; sasa azama mmoja katika kila 400. Idadi ya matanga haikupungua, lakini hatari ya kila avukaye imepungua mara nne. Mtu ahesabuye matanga tu atasema, "Hapana faida iliyopatikana." Mtu ahesabuye na wavukao atasema, "Mtumbwi wetu umekuwa bora, tuendelee kuutengeneza."

Tatu, daftari limeonyesha wafao ni akina nani. Zamani walikuwa wakulima na watoto wao, waliolala majumbani usiku. Siku hizi katika kila watu 10 wauawao na maporomoko katika Uswisi, zaidi ya 9 ni watu waliokwenda wenyewe mlimani, kwa skii au kwa miguu, nje ya njia zilizolindwa. Na katika ajali za namna hiyo, mara 9 katika 10 theluji iliondoshwa na yeye aliyefukiwa au na mwenziwe. Magazeti hupenda kusema, "Mlima umeua." Lakini mara nyingi mlima ulikuwa umetulia, mpaka mtu alipoukanyaga.

5. Daraja ya hatari

Tangu mwaka 1945 nyumba ile ya uchunguzi hutoa matangazo juu ya hali ya theluji, ili watu waonywe kabla ya kutoka. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zimepatana kutumia daraja tano za hatari: 1 ni ndogo kabisa, na 5 ni kubwa kabisa.

Ikitangazwa daraja ya 5, magazeti hupiga kelele, barabara hufungwa, na watu hukaa majumbani. Mngedhani siku hizo ndizo zinazoua watu wa skii kwa wingi. Sivyo. Hesabu yasema kwamba karibu nusu ya watu hao hufa katika siku za daraja ya 3, iliyo katikati. Kwa nini? Siku za daraja ya 5 ni chache, na hofu huwazuia watu. Lakini siku za daraja ya 3 ni nyingi, jua labda lawaka, theluji yang'aa, hakuna kelele gazetini, na mtu hujiambia, "Daraja ya katikati si neno." Hajui kwamba neno "katikati" si sawa na neno "salama". Jambo hili lisingejulikana kama vifo vya mmoja mmoja visingaliandikwa.

6. Mafundisho yake

Je, tuseme kwamba magazeti ni mabaya? Hasha. Bila kilio cha mwaka 1951 serikali na watu wasingalitoa fedha za kujenga nyua zile zote. Baada ya msiba wa 1999, Galtür nako kulijengwa ukuta mkubwa, na ramani za hatari zikatengenezwa upya. Tena magazeti na redio ndizo zilizopeleka maonyo mpaka nyumbani kwa watu. Gazeti huamsha moyo. Hesabu huongoza mkono. Moyo usioamshwa haufanyi kitu, na mkono usioongozwa hujenga ukuta mahali pasipo na hatari, na kuacha wazi mahali pafapo watu.

Basi usomapo habari ya msiba wowote, uwe wa theluji, au wa moto, au wa mafuriko, au wa vyombo vya safari, jiulize maneno haya matano. Jambo hili limetokea mara ngapi kwa miaka mingi? Watu wangapi walikuwa katika hatari ile wakarudi salama? Waliokufa walikuwa wakifanya nini? Ni vifo gani vidogo vidogo ambavyo havikuandikwa? Na tangu msiba kama huu ulipotokea mara ya mwisho, kimefanywa nini, nacho kimefaa? Mtu aulizaye hivyo hapunguzi huzuni yake kwa waliofiwa. Anawaheshimu waliokufa kwa kutafuta njia ya kuwaokoa walio hai.

Maswali

1. Eleza kwa mfano wa bati na mchanga jinsi theluji inavyoporomoka.
2. Kwa nini msaada wa wenzake mtu aliyefukiwa ni bora kuliko msaada utokao mbali?
3. Wazee wa Andermatt walikataza nini mwaka wa 1397? Kwa sababu gani?
4. Linganisha vifo vya Uswisi vya mwaka 1951 na vya mwaka 1999. Kwa nini havikuwa sawa?
5. Ni watu gani ambao habari zao haziandikwi gazetini, na kwa nini yafaa kuwahesabu?
6. Kwa nini watu wengi wa skii hufa siku za daraja ya 3, wala si siku za daraja ya 5?
7. Hesabu: Mwaka mmoja watu 2,000 walipita njia ya mlimani, na 8 wakaumia. Mwaka mwingine walipita 6,000, na 12 wakaumia. Katika kila mwaka, aliumia mmoja katika wangapi? Ni mwaka upi uliokuwa wa hatari zaidi?
8. Eleza maana ya maneno haya: "Gazeti huamsha moyo, hesabu huongoza mkono."
9. Kazi ya nyumbani: Waulize wazee wako juu ya ajali za namna moja katika nchi yenu, kama za mtoni au za barabarani. Andika zilitokea lini, watu walikuwa wakifanya nini, na kilifanywa nini baadaye ili zisitokee tena.